Mstari Aliouacha Kona

Mume wangu walimwita Kona kwa sababu njia iliyonyooka ilikuwa inamchosha. Siku za kazi alikuwa fundi bomba. Akipata likizo, alifunga mikoba pande mbili za gurudumu la nyuma, akaniaga, akapotea siku kadhaa na baiskeli yake. Katika safari ya mwisho kabla hajaugua alinipigia simu akiwa juu ya kilima fulani, anahema.

"Nimepata mahali," alisema. "Siwezi kukueleza. Nitakuleta mwenyewe uone."

Nilikuwa na pini mdomoni na gauni la mteja mapajani, maana mimi ni fundi cherehani. Nikaitikia kwa mguno.

Hakunipeleka, maradhi yalimwahi, tukamzika. Lakini kwenye usukani wa baiskeli yake kilibaki kile kifaa kidogo cha ramani, na ndani yake mstari wa buluu wa safari ile, wenye kifundo kidogo pale aliposimama muda mrefu. Nilikuwa nakiwasha jikoni nikingoja maji yachemke, nautazama mstari, kisha nakizima. Sikuwahi kuikuza ramani nikasoma kifundo kiko wapi. Nilitaka kufika pale kwa miguu yangu, si kwa vidole.

Nilipotangaza kwamba nami nitaendesha baiskeli mpaka huko, wanangu walicheka hadi wakakaa chini. Shemeji, mdogo wake Kona, hakucheka. Yeye ni fundi simu, akasema haniachii niende peke yangu, kisha akajiandaa utadhani tunahama nchi. Alinunua ramani ya karatasi, kwa kuwa karatasi haiishiwi chaji. Akapakua ramani nyingine kwenye simu, ambayo ingetuambia kwa sauti wapi pa kukata, ingawa kioo chake kingekula chaji kabla ya jioni. Kifaa cha usukani, alisema, kinadumu siku nzima na kinasomeka hata juani, kwa hiyo tubebe vyote vitatu. Nilimwacha aongee mpaka akamaliza.

"Mimi sitaki njia nzuri, shemeji," nikamwambia. "Nataka yake."

Akaahidi kukiweka kifaa sawa, akaenda nacho kwenye kibanda chake.

Sasa, shemeji ana mazoea yake. Kitu chochote kikitua mezani kwake, kwanza anakisafisha: anatoa ya zamani yote, anaweka mapya, ndipo anauliza kinaumwa nini. Wateja wake wanajua, huhamisha picha zao mapema. Mimi sikuwa mteja, na hakuna aliyenionya.

Asubuhi ya kuondoka, baiskeli zikiwa zimeshapakiwa uani, alinipa kifaa huku amejaa tabasamu. Ramani ilikuwa mpya kabisa, inaonyesha visima, miinuko, mpaka maduka ya spea. Kilikuwa kimejaa, alieleza, hakikubali ramani mpya, ikabidi akisafishe. Nikamwomba anionyeshe mstari. Akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena. Mstari ulikuwa umefutika. Nakala nyingine haikuwepo, kwa sababu Kona hakuwa mtu wa kurusha safari zake mtandaoni.

"Hata kaburi huachiwa alama," nikamwambia.

Yalinitoka, na yalimwingia. Niliingia ndani nikanawa uso. Roho iliniambia niziache zile baiskeli pale ukutani zishike kutu, lakini nikikaa nyumbani ningemchukia, na hilo sikulitaka. Tukaondoka.

Hatukuongea sana njiani. Simu ndiyo iliyoongea: kata kushoto, endelea moja kwa moja. Tulijua mji aliopitia mwanzo na safu ya vilima alikoelekea, basi. Shemeji alikuwa anakula nusu ya chakula chake, nusu ananisogezea mimi, na mimi kwa kiburi changu nilikuwa narudisha.

Siku ya tatu tukafika njia panda. Barabara ya lami ilikwenda kulia, ya vumbi jekundu ikapanda kushoto. Kwenye ramani ya karatasi, barabara zote mbili ziliishia mji mmoja. Simu ilipendelea lami. Shemeji akauliza, kwa sauti ya chini, kaka angepita wapi.

Nguo za safari ile nilizifua mwenyewe. Nilizisugua nikilalamika, na maji niliyamwaga kwa mkono wangu. Nilisimama pale njia panda nikijaribu kukumbuka yalikuwa mekundu au ya kijivu, nikashindwa. Miaka yote ile ninajua vitambaa vya watu, na vumbi la mume wangu sikulitazama.

"Kushoto," nikasema, ili tu tuondoke pale.

Tulipanda tukikokota baiskeli kuliko kuendesha. Juu kulikuwa na miamba michache, na bonde limefunguka mbele yetu. Palikuwa pazuri, siwezi kukataa. Nilingoja moyo uniambie kitu, lakini nilichosikia ni magoti tu.

Shemeji alisimama nyuma yangu kidogo, ameishikilia baiskeli. Ana masikio yaleyale ya kaka yake.

"Ndipo hapa, shemeji?"

"Ndipo," nikasema.

Akakaa chini akalia, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Halafu akafuta mikono kwenye suruali, akachukua kifaa, akaweka alama pale tulipo na kuandika jina la kaka yake. Akanionyesha.

Ng'ambo ya bonde niliiona ile barabara ya lami ikipanda kilima kingine, nacho kina miamba juu. Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Nisingeweza tena kumwomba twende na kule.

Nikamrudishia kifaa, nikamwambia ameandika vizuri.