Ukungu Nyuma ya Kabati

Magunia ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, yalishatolewa stoo tangu juzi, lakini harufu ya chumbani ilibaki palepale. Winifrida alisimama karibu na kitanda, mwanawe Jaki mgongoni, akinusa huku na huku. Mtoto alikohoa, kifua kikalia kama filimbi.

Uani, Bibi Notburga, mama mkwe wake, alikuwa anafunga mzigo. Boti ya Liuli ingeondoka Mbamba Bay mchana huo, naye angehamia kwa binti yake.

Usipa ndio uliowagombanisha. Winifrida alizaliwa Litumbandyosi, juu kwenye kahawa, na hakuwahi kuizoea harufu ya samaki wakavu. Jaki alipoanza kukohoa, alimwambia mumewe kwamba mtoto anaugua kwa sababu ya magunia ya bibi yake, yaliyopangwa stoo, chumba cha pili. Mama mkwe akasikia.

"Baba yake nimemlea juu ya magunia hayahaya," alisema. "Nyie wa milimani usipa mnaupenda ukiwa kwenye sahani tu."

Sasa magunia hayapo, na mtoto anakohoa vilevile. Winifrida akalishika kabati, akalivuta.

Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi, kuanzia chini ya kiyoyozi hadi sakafuni. Ukungu ulikuwa umeota manyoya, umetambaa mpaka kwenye godoro. Mumewe, Hamphrey, alikinunua kile kiyoyozi mtumba Dar, mwaka alioanza kununua kahawa kwa ajili ya kampuni binafsi, na kila jioni alikiwashia jenereta. Kilifungwa dirishani kikainamia ndani. Maji yaliyopaswa kudondoka nje yalikuwa yanashuka ukutani.

Winifrida alitoka mbio.

"Mama! Mama, njoo uone. Siyo usipa."

Bibi Notburga hakuinua kichwa. "Nilishasema."

"Nimekukosea, mama. Nisamehe. Lakini mpokee kwanza mtoto, asirudi mle ndani."

Bibi alimtazama mjukuu, akaacha kamba. Alimpokea, akasimama naye mlangoni, akachungulia.

"Kumbe mtoto alikuwa analala na hiki kitu," alisema.

Hamphrey alichungulia naye, akarudi na ndoo ya chokaa na brashi. "Kelele zote hizi! Napaka mara mbili, kwisha."

"Paka, mume wangu," Winifrida alisema, "halafu mwezi ujao uje tena na ndoo. Maji si yanaendelea kushuka? Kwanza hicho kiyoyozi kisiwashwe, king'olewe, kifungwe upya kiinamie nje."

"Basi nifagie huo weusi."

"Weka ufagio chini!" Bibi alifoka. "Ukiufagia mkavu utapeperuka nyumba nzima, tuuvute wote. Lowesha kwanza. Na ufunge pua."

Walifungua madirisha, wakafunga mlango wa kuelekea sebuleni, wakajifunga vitambaa puani. Winifrida alivaa glovu, akaulowesha ukuta kwa maji ya sabuni, akasugua taratibu. Hamphrey alitaka kuchanganya dawa ya madoa na dawa ya choo ili ziongeze nguvu. Mkewe akamnyang'anya chupa, akamwambia mvuke wake ungemwangusha palepale. Godoro walilitoa kupitia dirishani, likatupwa. Chokaa ingesubiri mpaka ukuta ukauke kabisa.

Honi ya boti ililia ufukweni. Winifrida alikimbilia uani, mikono ikichuruzika povu.

Mzigo ulikuwa palepale, umefungwa. Bibi Notburga alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, Jaki kifuani.

"Atalala na mimi mpaka ukuta ukauke," alisema. "Kesho tunampeleka zahanati, hicho kifua kisikilizwe. Na usidhani nimesahau."

"Sidhani, mama."

Honi ililia mara ya pili, ikiwa mbali kidogo. Winifrida alibaki kizingitini.

"Mbona umesimama kama mgeni?" Bibi alisema, akijisogeza. "Nawa mikono, uje ukae."