Pangani Kwenye Kila Fomu

Zahoro alianguka Jumanne saa nne asubuhi, akiwa anampima mteja suruali kwenye baraza letu la Visiga. Saa tano alikuwa ameshafariki. Cherehani yake na kompyuta yangu ya kuchapia zilitenganishwa na ukuta wa mbao kwa miaka tisa. Tangu siku hiyo upande wa pili hakuna mlio.

Nilimpigia simu dada yake, Zuwena, anayeishi Kurui. Alilia kidogo, kisha akasema wanaanza kuchimba kaburi kando ya la mama yao, sisi tuupeleke mwili wauzike kabla jua halijazama. Nilikuwa bado nimeshika simu Mzee Anselmi, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, alipofika na faili na kutoa fomu ya Zahoro. Kwenye mahali pa kuzikwa paliandikwa Pangani, Kibaha. Chini kulikuwa na sahihi yake.

Chama chetu kina kanuni moja isiyojadiliwa. Zamani familia mbili ziligombania maiti ya mwanachama siku tatu nzima, tukaaibika mji mzima. Tangu hapo kinachofuatwa ni kile alichosaini mwanachama, ndugu wapende wasipende.

Lakini Pangani hakuisema Zahoro. Niliisema mimi.

Wanachama mia moja na arobaini niliwaingiza kwenye kompyuta mwenyewe. Wengi ni watumishi wa serikali, watu wa kuja, wamejenga Kibaha, na karibu wote walitaja makaburi ya Pangani. Nikachoka kuandika neno lile lile. Kwenye Access, programu ninayotunzia orodha ya chama, unaweza kukipa kisanduku cha fomu chaguo-msingi, yaani neno ambalo linakuwa limeshakaa pale kila fomu mpya inapofunguka. Usipoligusa, linahifadhiwa kama vile mtu amelitamka. Nikaweka Pangani. Kikaoni nilipigiwa makofi kwa kumaliza kazi mapema.

Zahoro alijiandikisha bila kuinuka kwenye cherehani. Mimi nilikuwa nauliza, yeye anajibu kwa sauti kutoka upande wake. Nilipofika mahali pa kuzikwa akasema, "Kurui, kwa mama. Huko Pangani mmejaa watumishi. Nitafufuka niambiwe nijaze fomu kwanza."

Nilicheka sana, na katikati ya kicheko nikabonyeza kuhifadhi. Nikachapa karatasi, akaisaini juu ya kitambaa alichokuwa anashona. Hakuisoma. Mambo ya karatasi aliniachia mimi, kama mimi nilivyomwachia suruali zangu.

Yote hayo yalinirudia pale pale barazani. Mzee Anselmi akanitazama. "Onesmo, wewe ndiye uliyemwandika. Ndivyo alivyotaka?"

Watu walikuwa wengi, na wale wale walionipigia makofi walikuwepo.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee," nikajibu.

Tukamzika Pangani baada ya alasiri.

Mzee Anselmi alipowapigia simu kuwaeleza habari ya sahihi, Kurui walikuwa wameshamaliza hadi mwanandani, ule mchimbo wa ndani wa kulazia maiti. Kwao kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, kwa hiyo walikata shina la mgomba, wakalilaza ndani, wakafukia. Kaka yao mkubwa, Hashiru, akasema mtu aliyesaini kwa mkono wake kutolala na mama yake asitajwe kwenye dua ya nyumba ile. Arobaini ikapita, Kurui hawakusoma chochote. Habari hizo alinipa Zuwena kwa simu, akidhani ananiliwaza, kwa kuwa nilikuwa rafiki wa ndugu yake. Nilimsikiliza mara tatu, na mara zote tatu sikusema.

Mara ya nne nilikodi pikipiki nikaenda. Nilimkuta uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekaa naye miaka tisa, Onesmo. Tulimkosea nini?"

Nikamweleza habari ya kisanduku, ya kicheko na ya karatasi. Kisu kilisimama. Kuku akaja akadonoa maganda akaondoka.

"Kwa hiyo ulijua kabla gari la maiti halijaondoka."

"Nilijua."

"Na mdomo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao."

"Ulimwonea haya nani? Kompyuta?"

Alijifuta mikono kwenye kanga, akasema hatapeleka habari hiyo kwa niaba yangu. Akanitangulia hadi kwa Hashiru, akaketi kizingitini, nami nikaanza upya tangu mwanzo. Hashiru alinisikiliza akiangalia chini. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama Zahoro anaweza kuhamishwa. Zuwena akamjibu kwamba yeye alishamuuliza shehe siku nyingi, na shehe alisema aliyekwisha kuzikwa aachwe alipo.

Hashiru akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimeliondoa lile neno kwenye fomu na kuwauliza wanachama wote upya. Kumi na mmoja hawakuwahi kutaka Pangani.

Sasa kila Alhamisi jina la Zahoro linatajwa kwenye dua ya nyumba ile. Hashiru haitikii salamu yangu.