Iliki Iliyokawia Mgunda Mkali

Kila Jumatano asubuhi Bachubai alitengeneza masala ya chai katika ua wa nyuma ya duka lake, pale Mtendeni, na Jumatano hiyo hakuwa na iliki. Tangawizi kavu ilikuwepo. Mdalasini ulikuwepo wa kuokoteza, na pilipili manga za kujaza kiganja. Karafuu zilikuwa zimefika chini ya kopo, nyingi zimebaki vijiti. Lakini masala bila iliki, alisema Bachubai, ni dawa ya kikohozi, na yeye hakufungua duka la dawa.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu. Treni ya kutoka pwani ilileta askari, barua za askari na mapipa ya mafuta, na ikirudi ilichukua vijana. Viungo vya chai havikuwa na nafasi humo. Mji mzima wa Tabora ulikuwa umezoea masala ya Bachubai, mafundi wa reli, mapadre, hata shehe mmoja aliyesema hawezi kusomesha bila kikombe chake, na sasa wote walikuwa wakinywa chai ya rangi na kununa.

"Twanga hiyo tangawizi hivyo hivyo," Bachubai alimwambia Eustadia. "Tutawauzia kikohozi chao."

Eustadia alikuwa mama mnene wa Isevya, Mkatoliki, mwenye maneno mengi na mkono mzito wa mchi. Amemtwangia Bachubai tangu mumewe Bachubai akiwa hai. Alicheka, akavuta kinu katikati ya miguu, na kabla hajainua mchi mtu akapiga hodi mlango wa uani.

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye kilemba chekundu kilichochomekwa manyoya ya mbuni, na njuga miguuni. Nyuma yake wapagazi walikuwa wamejipanga kufuata ukuta mpaka kwenye kona ya fundi cherehani, kila mmoja na kanda la ukindu kichwani. Walikuwa wafu. Hilo halikuhitaji kuulizwa, kwa sababu vumbi la njiani lilikuwa likiingia kwao upande mmoja na kutokea upande wa pili, na mbwa wa fundi cherehani hakujisumbua kuwapisha.

"Karibuni," alisema Bachubai.

"Tumekaribia, mama. Mimi ni Mfaume, kiongozi wa msafara. Hapa ndipo kwa Popatlal?"

Popatlal alikuwa babu wa marehemu mumewe, yule wa kwanza kufungua duka Tabora, enzi za nyumba za tembe.

"Ndipo. Lakini Popatlal amekufa zamani."

"Na sisi pia," alisema Mfaume. "Ila mzigo wake tunao."

Akaeleza kwa kifupi, kama mtu anayeeleza kwa nini treni imechelewa. Walitoka Bagamoyo salama. Ugogo walipita salama. Walipoingia Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na kisima, maji yaliwaishia, wakalala kando ya mizigo yao mmoja mmoja. Miaka mingi baadaye waliinuka, wakaendelea, lakini polepole, kwa kuwa maiti hana nguvu za kukimbia na mzigo. Pale reli inapokata barabara askari polisi aliwasimamisha akauliza wanatoka wapi. Bagamoyo, walimjibu. Akasema mmekawia. Wakasema tumekawia. Akawaruhusu.

Bachubai alilifungua kanda la kwanza. Lilikuwa limejaa iliki, kijani, nono, zenye mafuta, kama zimechumwa juzi. La pili lilikuwa karafuu. La tatu mdalasini umefungwa vizuri kwa kamba ya mnazi. Alizika uso ndani ya kanda la iliki akakaa humo muda, na alipoutoa alikuwa anacheka peke yake. Alifurahi na hakuificha furaha yake. Akamwita Eustadia waanze kupokea.

Walipokea kwa zamu. Eustadia anashika kanda, analimimina kwenye sinia, analirudisha kwa mwenyewe. Kila mpagazi aliyetuliwa aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, kisha akatafuta kivuli akakaa. Kijana mmoja mwenye chale mbili kwenye shavu alimsalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka," Eustadia alijibu. "Kumbe wewe wa huku."

"Wa Usoke. Mke wangu nimemwacha Usoke, mjamzito. Anaitwa Kalunde."

Eustadia aliweka sinia chini.

"Kalunde ni bibi yangu, mzaa mama," alisema. "Tulimzika mwaka wa nzige."

Kijana aliuliza: "Alijifungua?"

"Alijifungua. Wa kike. Yuko nyumbani Isevya anapalilia mihogo."

"Mimi ndiye Lugembe."

"Najua, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alikuwa hajaota hata ndevu za kutosha. Eustadia, mwenye watoto wa kumpita kimo, alimwangalia akaona pua ya mama yake, ile ile, imekaa juu ya uso wa mvulana. Akamgeukia Mfaume akamuuliza kama huyu anaweza kwenda nyumbani.

"Mpagazi ambaye kanda lake ni tupu yuko huru," alisema Mfaume. "Ndiyo sheria ya safari. Anakwenda anakotaka."

"Hata akiwa amekufa?"

"Huyo ndiye hasa, mama. Hana wa kumngoja kambini."

Eustadia alifunga kanga vizuri akaenda Isevya mbio mbio, kwa kadiri mwili wake ulivyomruhusu.

Mama yake, Veneranda, alikuwa mjane mwenye mvi na mgongo unaouma. Tangu utoto aliitwa mtoto wa aliyekwenda pwani. Siku ya harusi yake alishikwa mkono na mjomba. Neno "baba" amewaambia mapadre tu, na mapadre wenyewe walikuwa Wafaransa. Alipoambiwa alisimamisha jembe, akanawa miguu, akavaa gauni la Jumapili, akachukua ugali wa jana na mlenda kwenye bakuli. Njiani alisema kitu kimoja, na alikisema mara nyingi.

"Sitaki makubwa. Nataka alale kwangu. Kesho niamke nimkute."

Alimkuta Lugembe kwenye baraza ya nyuma, amekaa na mikono imelegea juu ya magoti. Mikono isiyo na kazi haikujua ikae wapi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema kijana. "Umekua."

"Nimezeeka."

"Naona. Samahani, nilikawia."

Veneranda alikaa karibu naye, akamwekea bakuli, na akaanza kumwambia habari za miaka yote bila kufuata mpango: paa linalovuja upande wa jikoni, Kalunde alivyokuwa mkali, ng'ombe waliokufa, wajukuu. Lugembe aliuliza kuhusu paa. Alisema nyasi anajua kuezeka, kesho atapanda aone. Veneranda alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Watu waliompitia karibu asubuhi hiyo walisema hawajawahi kumwona mama yule akiwa na raha kiasi kile.

Huku nyuma Bachubai alikuwa kazini. Alizipasha iliki juu ya tawa, kile chuma cha kuchomea chapati, kwa moto mdogo, pamoja na maganda yake, mpaka zikaanza kunukia lakini zisiungue. Mdalasini akauvunja kwa mkono. Karafuu akazipunguza, maana karafuu ukiziachia zinajifanya wenye nyumba. Pilipili manga kidogo, za kuamsha koo. Eustadia alitwanga, wakachekecha kwa kitambaa cha melimeli, wakatwanga tena makapi, na vumbi la masala likatanda uani mpaka fundi cherehani akapiga chafya huko kwake na kuuliza kama imepatikana. Akajibiwa imepatikana.

Chai ilipikwa kwenye sufuria kubwa ya sherehe, kwa maziwa na sukari guru. Ililetwa kwenye vikombe vya bati, vile vya watu wa nje, maana vikombe vya udongo vya kabatini ni vya jamaa tu, na Bachubai, pamoja na ukarimu wake wote, hakuwahi kukosea kabati. Eustadia mwenyewe alikuwa na cha kwake cha bati, kilichoning'inia kwenye msumari. Wafu walikunywa taratibu. Ukiangalia kwa makini uliiona chai ikishuka kooni mwao, rangi ya udongo mwekundu, na ikitulia tumboni.

Lugembe alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Tumeibeba safari zote hizo, hatukuwahi kujua inaliwaje."

"Ni nzuri?" aliuliza bintiye.

"Ni nzuri sana."

Jua lilipoanza kuteremka Mfaume alisimama akafunga njuga. Ndipo Bachubai alipotoka ndani na makanda, yamekung'utwa na kukunjwa, akayapanga barazani. Sasa, kwa Bachubai, kama kwa mama yake na bibi yake huko Kachi, Bara Hindi, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya maandazi unairudisha na hata chumvi. Kurudisha chombo kitupu ni kumwombea mwenzako njaa. Kwa hiyo katika kila kanda alitia kifurushi cha masala mpya, kimefungwa kwa karatasi ya gazeti, kisichozidi ngumi ya mtoto. Na Eustadia, ambaye naye kwao ungo wa jirani haurudi mtupu, alimsaidia kutia, akayafunga makanda midomo kwa kamba, fundo zuri, huku akizungumza na babu yake kuhusu nyasi za kuezekea. Hakuna aliyefikiri lolote. Ilikuwa adabu tu.

Mfaume aliliinua kanda la kwanza, akalipima.

"Lina kitu," alisema.

"Zawadi," alisema Bachubai. "Ahsante yangu. Kidogo tu."

"Ya nani?"

"Yenu."

Mfaume alilishusha pole pole. Hakukasirika. Wapagazi waliokuwa kivulini walikuwa wameshasimama.

"Mama, mpagazi hana mzigo wake," alisema. "Hajawahi kuwa nao. Kilichofungwa ndani ya kanda ni cha tajiri aliyetutuma, naye yuko Bagamoyo, amezikwa nyuma ya forodha, anangoja."

Eustadia alilirukia kanda la babu yake. Fundo alilifunga mwenyewe, na lilikataa. Alijaribu kwa kucha, kwa meno, kwa kisu cha kukatia tangawizi, na kisu kikapinda.

"Hufunguliwa kule kunakopelekwa," alisema Mfaume. "Hata ningetaka, mimi siwezi."

"Basi mimi ndiye mwenye masala," alisema Bachubai. "Nasema imwageni. Itupeni huko."

"Umeshaitoa, mama. Si yako tena."

Veneranda alilia. Alilia waziwazi, kama mtoto aliyenyang'anywa, na gauni la Jumapili likapata vumbi. Alimwambia Bachubai amemuua baba yake mara ya pili, kisha akamwomba radhi, kisha akamwambia tena. Bachubai alikubali yote mawili. Eustadia alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akiitazama mikono yake iliyofunga lile fundo.

Lugembe ndiye aliyesogea. Alilichukua kanda akaliweka kichwani. Kifurushi kile kisichozidi ngumi kilimdidimiza shingo kama frasila nzima ya pembe za ndovu, na alitembea hatua chache akiyumba mpaka akaupata mwendo. Bintiye alimsindikiza hadi nje ya mji, akimshika kiwiko. Alirudi giza likiingia, akala kidogo, akalala.

Hilo lilikuwa kabla ya mvua. Mvua zilipokwisha, njuga zilisikika tena Mtendeni. Tajiri wa Bagamoyo, marehemu mwenyewe, alikuwa ameionja masala ya Bachubai, na tangu afe hakuwa ameonja kitu kizuri namna ile. Alituma iliki zaidi, na karafuu, na kungumanga ambayo Bachubai hakuiomba, akaagiza aletewe makanda yamejaa. Bachubai alikataa. Akasema safari hii yanarudi matupu, aibu na iwe yake. Mfaume alisema ni sawa kabisa, ila iliki hizi ni za kubadilishana, na zisipobadilishwa haziteremki kichwani. Wapagazi walisimama uani na mizigo yao, jua kali, kimya, shingo zimedidimia. Bachubai aliwavumilia mpaka adhuhuri. Kisha akampa Eustadia mchi.

Tangu hapo wanakuja kila baada ya mvua na kila kabla ya mvua. Ukiuliza mjini, hakuna mwenye lalamiko. Shehe anasomesha. Mafundi wa reli wameacha kununa. Bachubai amenenepa kidogo, na amenunua sufuria nyingine ya sherehe, kwa ajili yao. Polisi wa relini hawasimamishi tena. Anawanyanyulia mkono, hasa kwa vile upande wa pili wa kituo treni inakuwa inapakia vijana wanaokwenda mashamba ya mkonge, na hapo ndipo kazi ya kuhesabu watu ilipo.

Veneranda naye ameridhika, na husema hivyo mwenyewe. Wangapi, husema, wanamwona baba yao mara mbili kwa mwaka? Hukaa naye barazani tangu asubuhi, wanakunywa chai, anamsimulia mihogo na wajukuu. Paa la jikoni linavuja bado.

Safari hii alimletea ngata. Aliipindia kanga yake nzuri, ile ya Pasaka, akaikaza kwa uzi ili isiteleze, laini katikati na nene pembeni, kazi ya usiku kadhaa. Lugembe aliijaribu kichwani akasema inakaa vizuri, haijawahi kukaa vizuri hivi. Kisha Mfaume akatikisa njuga, kijana akainama, na bintiye akalishika kanda kwa mikono miwili, akamtwika.