Vidonge vya Mashavu

Nthenya alikuwa akifumua mishono ya gauni lake mwenyewe. Machi alilipunguza inchi tatu kila upande. Sasa ni Agosti na anaziachia zote. Barazani pa kibanda chake cha ushonaji, hapo Mwingi, wanawake walijaa benchi kama kawaida, wakimsifu. Ni wale wale waliokuwa wakinong'ona Machi.

"Mama Mutindi, tuambie unakula wapi," Ambiyo, jirani mwenye duka la vitambaa, akamtania. "Hata ngamia wa kwetu hanenepi hivyo."

Wakacheka. Nthenya naye akacheka, pini mdomoni.

Vidonge alivinunua sokoni, kwa mchuuzi aliyeviita vya kunenepesha. Hakumwambia kwamba damu yake ilishapimwa, ikakutwa na virusi vya ukimwi, ugonjwa huu wa siku hizi. Hakumwambia mtu. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja na mbuzi wa ntheo, kumposa binti yake Mutindi, na nani atafunga mbuzi kwa mama anayekonda?

Lakini miguu ilianza kuvimba. Jumatano akampelekea vidonge Kiema, daktari wa zahanati, yule aliyempima damu. Kiema akavigeuza kiganjani, akakunja uso. Akasema hizo ni steroidi, homoni kama ile ambayo mwili hujitengenezea. Zinajaza uso na kulegeza kinga. Huenda zinavipa virusi nafasi ya kuzaana.

"Huenda?"

"Wako wanaosema hivyo. Wako wanaosema zinavituliza. Mimi sijui, mama. Lakini usiache ghafla, utaanguka. Meza nusu, halafu robo."

Nthenya alitoka hajui ashukuru au alie. Kioo kilisema amepona. Daktari alisema huenda. Alhamisi alikata kidonge, akameza nusu. Ijumaa akajipapasa shavu, akaliona limenywea, akameza kizima, kisha akajichukia hadi jioni. Jumamosi kidonge kilikaa mkononi mpaka kikaanza kulainika kwa jasho. Akasikia watu langoni, na baadaye hakukumbuka kama alikimeza au alikitupa.

Mama wa kijana, Ndeti, aliingia wa kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu wa Nunguni, asiyeharakisha maneno. Hakuanza na salamu. Alimshika Nthenya uso kwa mikono miwili, na kidole gumba kikabonyeza shavu, kikakaa hapo.

Nyuma yake wanaume walisimama na kamba za mbuzi mkononi, wakimngoja Ndeti aseme neno.