Mkwe Anayepumua kwa Umeme

Venance alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulikuwa umemchoka. Wiki ya pili sasa hajagusa kitanda chake. Alikuwa akilala besimenti, chini ya nyumba, kwenye kiti cha kukunja, kati ya boila na mashine ya kufulia, shingo imepinda kama ya kuku aliyekufa njiani kwenda sokoni. Sababu ilikuwa juu, nyuma ya ukuta mwembamba kama chapati: mama mkwe amekuja.

Venance alikuwa anakoroma. Wala si kukoroma kwa watu wa kawaida. Alivuta kama lori la ndizi linalopanda mlima, halafu lori likazima kabisa, kimya, halafu likashtuka kwa kishindo. Mwaka jana daktari mmoja wa Amherst, mji wa jirani, alimweleza yote. Koo hulegea usingizini, ulimi hurudi nyuma, shingo nene hubana njia. Ongeza bia ya jioni na kulala chali, hewa inakatika. "Pumzi yako inasimama mara arobaini kwa saa," alisema, kama anayetaja bei ya nyanya. Akampa mashine: barakoa ya pua, mpira mrefu, waya wa kuchomeka ukutani. Kukoroma kukaisha. Clementina, mkewe, akalala usingizi ambao hakuwa ameuona tangu harusi.

Kisha Ma Jeneroza akaja. Alipofika Marekani alianzia Louisville kwa binti mkubwa, akapelekwa Columbus kwa mwanawe Jovini, sasa ameletwa Buffalo na masanduku yake yote, na hakuna aliyesema kwa nini hamalizi miezi miwili kwa mtoto yeyote. Venance naye alifundwa kwao Muleba: mama mkwe humtazami usoni, hubanani naye mlangoni, na sauti zinazotoka mwilini mwako, za juu na za chini, asizisikie. Mashine akaifungia kwenye buti la gari.

"Vaa barakoa yako ulale, baba," Clementina alimsihi. "Mama atakuonea wapi?"

"Si anatuletea nguo zilizokunjwa mpaka kitandani? Ataiona. Jumapili habari itakuwa imefika Muleba: Clementina kaolewa na mtu anayepumua kwa umeme."

"Na ukifa kwa kukosa pumzi, itafika habari gani?"

"Hiyo angalau ina heshima."

Clementina akasonya, akageukia ukutani.

Venance aliendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kiwandani Tonawanda, na foklifti haitaki dereva anayeota. Jumanne alisinzia akagonga rafu. Polycarpe, Mkongo wa Bukavu aliyefanya naye kazi, akamvuta pembeni.

"Bon, kaka, sikia. Usilale mugongo. Kamata mupira ya tenisi, shona ku tisheti, nyuma. Ukigeuka, inakuamusha. Na bière, acha."

"Bia nimeacha. Na kwenye kiti nalalaje chali?"

"Ku kiti? Sababu ya nini?"

"Mama mkwe yuko nyumbani."

Polycarpe akavua kofia kama aliyefika msibani. "Ah. Donc unakufa na adabu."

Alhamisi alisinzia tena, mzigo ukiwa juu. Ulianguka hatua mbili kutoka kwa mtu. Supavaiza hakupiga hata kelele, na hilo ndilo lililomtisha Venance. Akamwambia aende nyumbani, arudi na barua ya daktari kwamba analala na mashine yake. Bila barua, asirudi. Na mashine ile haidanganywi. Huandika yenyewe kila saa unayoitumia. Siku kumi na mbili ilikuwa imeandika sifuri.

Alifika nyumbani saa nne asubuhi. Clementina alikuwa kazini, kwa wazee anaowahudumia. Venance akavua buti zenye theluji, akafungua mlango wa jikoni taratibu, akasimama.

Sebuleni lori lilikuwa linapanda mlima.

Kwanza alidhani ni yeye, kwamba amelala akiwa amesimama. Kisha akaelewa, na kicheko kikampanda mpaka kooni, akakimeza. Njia ya chumbani ilipita sebuleni, na mama mkwe aliyelala hatazamwi. Akakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake, asubiri aamke. Macho yalikuwa yanafumba.

Lori likazima.

Venance akafumbua macho. Akahesabu. Kumi. Kumi na tano. Kwa kuambiwa, aliijua hali hiyo. Kwa kuisikia, hakuwahi, maana mwenyewe huwa usingizini. Ishirini. Adabu ya Muleba ikamshika mguu mmoja, mguu wa pili ukaondoka. Akaingia, akamshika mama mkwe bega, akamtikisa.

"Mama! Mama, amka!"

Ma Jeneroza akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Akamwona nani aliyemshika, akajifunika uso kwa khanga.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Yesu wangu." Akajiinua kukaa, khanga bado usoni. "Sijalala hata usiku mmoja hapa. Nakaa macho, nashika rozari, nalala mkiondoka. Louisville mkwe wangu alinunua vizibo vya masikio. Kwa Jovini waliniweka chumba cha mashine za kufulia. Nikasema Buffalo nisijulikane. Baada ya Buffalo hakuna mtoto mwingine."

"Mimi pia nakoroma, mama. Kukuzidi."

Mama mkwe akateremsha khanga jicho moja. "Kunizidi? Usijisifu."

Venance akamwambia yote, besimenti, foklifti, barua, na hofu ya habari kufika Muleba. Akaleta mashine, akaichomeka mbele yake. Mama aliitazama kwa makini, akataka kuijaribu.

"Hii haiazimwi, mama. Kila mtu hupimwa, akapewa yake."

"Basi kalale. Na hao wa Muleba, nikiwaambia chochote, nitaanza na yangu."

Venance akavaa barakoa, akalala mpaka giza.

Jumatatu ya wiki iliyofuata walikwenda wote wawili Amherst: Venance kuchukua barua, mama kupimwa. Mama alikaa kiti cha nyuma, kwa sababu adabu haiishi yote siku moja. Hawajaimaliza mitaa ya North Buffalo, alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi, anakoroma mchana kweupe nyuma ya mkwe wake bila haya. Venance alizima redio ili amsikie vizuri. Walifika dakika ishirini kabla ya muda. Akaegesha, akaacha injini ikitoa joto, akakaa akisikiliza, tayari kuhesabu.