Gari la Aina Ile Ile

…na lile la fedha ni zuri, sikatai, ukilitazama kwa mbali linang'aa kama sufuria ya bibi harusi, ndiyo maana Farid mwenye yadi ameliegesha mbele kabisa, kando ya barabara, ili kila anayeingia Kitale alione, na kijana wangu Hillary ameshalizunguka mara tatu, amefungua mlango, ameketi, ameufunga, nausikia kutoka huku nyuma ya yadi nilikochuchumaa, unafunga taratibu, pup, mlango wa gari ambalo halijawahi kubeba gunia, na Farid anamwambia, "Hii imeshuka meli Mombasa mwezi uliopita, hata nailoni ya viti haijatoka, na inavuta na magurudumu yote manne, hakuna cha kushuka, hakuna cha kufunga, yenyewe inajijua," yenyewe inajijua, nalirudia neno hilo kichwani, mimi nimeendesha magari ya watu miaka thelathini na mmoja na sijaona gari linalojijua, hata dereva mwenyewe hajijui… lakini kazi ya kijana yenyewe ni gani, hilo ndilo la kuuliza kwanza, kazi ni tangi la lita elfu moja za maziwa juu ya trela, kila asubuhi, kutoka mashamba ya kule juu ya Lwakhakha mpaka Bungoma, na Aprili ikifika ile barabara ya udongo inakuwa uji, hujui gurudumu linakanyaga nini, na kupanda si shida sana, ukishindwa kupanda unasimama, unangoja, shida ni kushuka, maziwa hayatulii kama mahindi, tangi likiwa nusu yanakwenda mbele na kurudi, yanakupiga kisogoni, trela inasukuma gari, gari jepesi linasukumwa kama kiti, na hili la fedha nimeingia chini yake na gunia langu, nimelala chali, sikuona fremu, mwili wake ndio fremu yake, bati limekunjwa vizuri tu, na gia ndogo haina, ile gia ya kushukia mlima polepole injini ikilishikilia gari bila wewe kuchoma breki, haina, mahali pa kufungia ndoano ya trela wameunga kipande cha chuma jana au juzi, rangi bado inanukia, nimemwambia Hillary, "Hii ni ya kwenda kanisani," akacheka, akasema, "Baba, na wewe bana, unapenda magari ya zamani tu," na si kweli, sipendi la zamani wala jipya, napenda arudi nyumbani jioni… na hili nililochuchumaa kando yake, pikapu ndefu rangi ya maziwa yaliyolala, Farid hata hakutaka kulionyesha, liko huku ukutani pamoja na matairi yaliyopangwa, lilikuwa la watu wa kuchimba visima, chuma chake kinene, springi zake za mabamba tisa, nimeyahesabu, injini ya dizeli isiyo na waya za kompyuta, nimeiwasha ikiwa baridi ikashika mara moja, moshi kidogo mweusi kisha hakuna, nimeitia gia ndogo nikaipeleka polepole bila kukanyaga kitu, ikatambaa kama ng'ombe anayekwenda mtoni, hili ndilo, nililijua kabla sijafungua boneti, na Hillary alipoliona tu akasimama, akasema mbele ya Farid, bila kupaza sauti, "Hiyo hapana, Baba. Hiyo ni aina ile ile iliyomuua mama," na Farid akatazama chini, akasema, "Pole sana, mimi sikujua," na mimi nikaja kuchuchumaa hapa, nikajifanya naangalia tairi.

Iliyomuua mama… miaka kumi na moja anasema hivyo na mimi namwacha aseme, jamaa zetu wote wa Kabuchai husema hivyo, gari la chama cha kahawa lilimuua Nelima, lilikataa kupanda pale kwenye kilima cha mto, na ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, Nelima alikuwa ameshika ubavu tangu asubuhi, akisema ni gesi, Wakhungu usijisumbue, ni gesi tu, mpaka nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu, nikakimbia ofisini kwa karani wa chama, nikapewa ufunguo wa pikapu ya milango minne niliyokuwa nikiiendesha kila siku, nikarudi nayo nikamlaza kiti cha nyuma, Hillary alikuwa na miaka kumi na minne, akaketi huko nyuma akampakata kichwa, tukaenda vizuri mpaka pale kilimani, na pale gari likateleza, likazama, nikavuta ule mpini wa magurudumu manne, nikakanyaga mafuta, injini ikalia, ikalia, matope yakaruka mpaka kwenye kioo, na gari halikwenda hata hatua moja, nikarudia, nikarudia, Hillary akiuliza, "Baba, mbona haitoki?" na mimi nikijibu, "Imekataa," nilisema imekataa, kama punda, kama kitu chenye nia yake, na tukakaa pale karibu saa tatu mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakaleta ng'ombe wanane na minyororo wakatutoa, na langoni mwa hospitali Bungoma Nelima alikuwa bado na joto lakini hakuwa akishika tena mkono wa mtoto, daktari akasema damu ilikuwa imevujia ndani, akauliza mlichelewa wapi, akasema saa moja tu mapema, sikumwomba aniambie lile la saa moja, alilisema mwenyewe…

na kesho yake nikachukua ndoo kuliosha gari, sijui kwa nini, watu walikuwa wakijaa nyumbani na mimi nikaenda kuosha gari, mikono ilitaka kazi, nikamwaga maji kwenye gurudumu la mbele, matope yakatoka, na pale katikati ya gurudumu, penye kile kifuniko cha duara kinachozungushwa kwa mkono, mshale ulikuwa umeelekea FREE, nikaenda upande wa pili, FREE, yaani magurudumu ya mbele hayakuwa yamefungwa, yalikuwa yakizunguka tu kama ya mkokoteni, ningeuvuta ule mpini mpaka ung'oke gari lingebaki kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na aliyeyafungua ni mimi, Jumapili, nilipokwenda Webuye kwa lami, tunayafungua ili kuokoa dizeli, kisha ukirudi kwenye udongo unashuka unayafunga, sekunde kumi upande huu, kumi upande ule, kila dereva anajua, na Kimeli fundi wa chama alikuwa ameniambia si mara moja, "Wakhungu, usiulize kichwa chako kama umefunga, kichwa kinadanganya, shuka uguse," na siku ile sikushuka, mvua ilikuwa kubwa, mke wangu alikuwa analia, nilikuwa na hakika nimefunga, nilikuwa na hakika kabisa, ningeapa… na nilipouona ule mshale nilitazama huku na huku, hakuna mtu, nikauzungusha ukafunga, klik, nikazunguka upande wa pili, klik, nikaendelea kuosha.

Sauti ndogo namna ile, nimeisikia miaka kumi na moja, kuku akidonoa bati nasikia hiyo, mtu akivunja hindi nasikia hiyo… na ningenyamaza peke yangu labda ningesema ni mzigo wangu, lakini kamati ya chama ilikaa, mwenyekiti akauliza, "Ile giaboksi ya magurudumu manne si ilifunguliwa na Kimeli mwezi uliopita?" nikasema ndiyo, akauliza, "Inaweza kuwa alirudisha vibaya?" na wote wakanitazama, mgane mpya, shati jeusi, hakuna ambaye angenibishia lolote, nikasema, "Labda," nilisema neno hilo moja tu, na kwa neno hilo Kimeli akafutwa kazi, naye akaja matangani hata hivyo, akaja na mkewe wamebeba kuku na sukari, na Hillary, kijana wangu mpole ambaye hajawahi kupigana shuleni, akaokota jiwe akampiga nalo begani, akamwambia, "Umemuua mama yangu, toka," na Kimeli akaweka ile sukari chini, akageuka, akaenda zake, na mimi nilikuwa nimeketi pale kwenye kiti, karibu, kama toka hapa mpaka kwenye lile tairi… mwaka juzi nilimkuta hapa hapa Kitale, sokoni, ametandika gunia anauza nati na boliti zilizotumika, nywele zimekuwa nyeupe, akasimama kunisalimia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Wakhungu, kila mara naikumbuka ile giaboksi, naifungua upya kichwani, sijaona nilipokosea," nikanunua boliti nne nisizozihitaji nikaondoka.

"Baba," Hillary anaita, "hebu tumalize, Farid anataka kujua kama tunachukua hii," na mkono wake uko juu ya boneti ya lile la fedha, na Farid anasema, "Mzee aseme, si umemleta kwa sababu anajua gari?" na kweli anajua, na kama mzee akisema chukueni hiyo, mambo yatakwisha, tutakwenda kunywa chai na mandazi, Hillary atafurahi, atalifunga tangi, na mwezi wa nne atashuka ule mlima wa Lwakhakha na maziwa yanamsukuma kisogoni, hana gia ya kulishikilia, breki zinanuka, na nitakuwa nimeketi nyumbani nikingoja mtu aje kuniambia, na watu watasema tena ni gari, watasema ukoo huu una bahati mbaya na magari, na mimi nitakuwa na wawili shingoni… nilidhani nanyamaza kwa ajili yake, ili abaki na baba, mama alikwisha kwenda angalau abaki na baba, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, lakini sasa naona baba aliyebaki naye ni yule aliyesema labda, huyo ndiye aliyemlea, huyo ndiye anayeulizwa sasa achague, na nimechoka naye…

"Hillary," nasema, "njoo hapa," anasema, "Nini, Baba, si nimesema hiyo siitaki," nasema, "Njoo tu," anakuja, viatu vyake vinasimama karibu na mkono wangu, nasema, "Chuchumaa," anachuchumaa, Farid anataka kutufuata kisha anaona uso wangu, anabaki kule, nachukua kidole cha kijana wangu kama nilivyokuwa nikikichukua nikimfundisha kuandika, nakiweka kwenye kile kifuniko cha gurudumu, namwambia, "Hii isipofungwa kwa mkono, ya mbele hayavuti. Siku ile hayakuwa yamefungwa. Niliyafungua Jumapili, nikasahau. Gari halikuwa na ubovu, mimi ndiye sikushuka," na sauti yangu haitetemeki, nashangaa, nilidhani nitalia, na kidole chake bado kiko pale, anatazama ule mshale, namwona akirudi kule kilimani, akisikia ile injini, akiniuliza mbona haitoki, na magoti yananiuma lakini sisimami, sitasimama kabla yake, anaweza kunipiga, anaweza kuondoka aniache hapa Kitale nitafute nauli, lolote ni haki yake, nangoja, na anapofungua kinywa si mama anayemtaja, si mimi, anauliza kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtoto wa miaka kumi na minne, "Na Kimeli?" nami namwambia, "Hakufanya kitu."