Pazia la Mkwe

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni mpaka akastaafu. Ameamsha watu usingizini, amepekua mifuko, ameteremsha wazee wenzake kwenye stesheni zisizo na hata benchi, na katika kazi hiyo yote alihitaji neno moja tu: "Onyesha." Sasa fikiria siku alipotakiwa kuonyesha yeye.

Kisa kilikuwa kisigino cha kulia. Palitokea baka jeusi, akasema ni rangi ya kiatu. Baka likatanuka, upande mmoja mweusi tii, upande mwingine wa kahawia, kingo zake zimechakaa kama ramani iliyoliwa na panya. Bado ni rangi ya kiatu. Dada alilisugua kwa jiwe, kwa sabuni na kwa matusi, halikutoka. Zahanati wakamwandikia aende kliniki ya ngozi kwenye hospitali kuu, akaonwe na daktari bingwa. Alikubali vizuri tu, mpaka alipokumbuka daktari bingwa ni nani.

Ni mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa. Tangu binti huyo aolewe, shemeji hajawahi kuvua hata kofia mbele yake. Akisikia anakuja nyumbani huvaa koti, jua liwe linachoma namna gani.

Tulikwenda watatu. Dada alikwenda kwa sababu ndiye aliyemburuta. Mimi nilikwenda kwa sababu shemeji ni mtani wangu, na jambo kama hilo huwezi kulikosa ukaja kusimuliwa.

Dada alibaki kwenye benchi la nje, sisi tukaingia.

"Karibu, Baba. Karibu, Mjomba," alisema mkwe, macho kwenye karatasi. "Tutatazama kisigino, kisha mwili mzima, maana hapa ndio utaratibu. Utavua nguo, Baba, ubaki na chupi."

Shemeji akatazama ukuta. Bahati mbaya ukutani palikuwa na picha ya unyayo wa mtu.

"Hakuna daktari mwanamume?" aliniuliza mimi, kana kwamba mwenye chumba hayupo.

"Yupo, Baba, mji mwingine. Foleni yake ni miezi mitatu, na baka kama hilo sitaki lisubiri."

"Kwani ni nini?"

"Sijui bado. Inaweza kuwa melanoma. Ni saratani ya ngozi, tena ile kali. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo mtu hajitazami."

"Shemeji, vua," nikasema. "Humo ndani huna kitu cha kumshangaza mtu."

"Funga mdomo, kichwa maji wewe."

Wazo la pazia lilikuwa la shemeji. Kitanda cha kupimia kilikuwa na pazia la kuzungusha, na ile lenzi ya kutazamia ngozi ilikuwa na waya unaopeleka picha kwenye kompyuta. Akauliza kama waya unafika, na kweli ulifika. Basi mkwe akaketi upande wa pili na kompyuta yake, na huku tukabaki shemeji, chupi yake, na mimi nimeshika lenzi. Mkwe hakupendezwa. Alisema tu, "Haya, tujaribu," kwa sauti ya mtu anayemwachia mtoto ashike usukani gari likiwa limezimwa.

"Anzia kichwani, Mjomba. Igusishe kwenye ngozi, usitetemeke."

"Nimeanza. Hapa ni nywele, au pale zilipokuwa."

"Naona. Teremka."

"Mgongo. Mpana sana kwa mtu asiyebeba chochote."

"Shemeji, tukitoka hapa nitakuchapa."

"Geuka kwanza, ndipo unichape. Mkwe, tunaingia nyuma. Mandhari yanabadilika."

Upande wa pili mtu alikohoa, tena akakohoa. "Endelea, Mjomba. Hilo ni la kawaida. Hilo nalo ni la umri tu. Sasa kisigino."

Nikaweka lenzi kwenye kisigino, na kikohozi kikapona palepale.

"Rudi nyuma kidogo. Bonyeza. Hapo. Usiondoke hapo."

Sikuondoka. Nilisikia mashine ikipiga picha, ikapiga nyingine. Mguu wa shemeji ulikuwa wa baridi mkononi mwangu.

"Baba," mkwe akasema, "hili lazima nikate kipande kipimwe. Lakini kwanza nijue kama limesambaa. Kutoka unyayoni huenda kwenye tezi za kinenani. Lazima nizipapase."

Shemeji akainua kichwa.

"Kamera haiwezi?"

"Kamera haipapasi, Baba."

"Atapapasa shemeji."

Mimi ni mtani, si tabibu. Lakini mtu akiwa amelala hivyo huwezi kumkatalia. Mkwe akanielekeza: kwenye mkunjo wa paja, taratibu, tezi iliyovimba huwa kama harage chini ya ngozi. Nikapapasa.

"Nimepata!"

"Gumu au laini?"

"Gumu."

"Linasogea?"

"Ng'o."

Kiti kiliburuzwa upande wa pili. Shemeji akafumba macho.

"Lina ukubwa gani, Mjomba?"

"Ni refu. Linakwenda mpaka kiunoni."

"Huo ni mfupa."

Hakuna aliyecheka. Kwa pumzi chache hizo nilikuwa nimeshamzika mume wa dada yangu, na kaburi nililichimba kwa kidole.

"Baba." Sauti ya mkwe sasa ilikuwa karibu kabisa na pazia. "Nyumbani nitakuheshimu mpaka nife. Humu ndani, nikikuheshimu hivi, nitakuua."

Shemeji alitazama dari. Nilikuwa nikimtafutia utani wa kumsaidia, lakini alinitangulia.

"Shemeji, toka nje."

"Mimi?"

"Wewe. Umeshafanya ya kutosha."

Nilipofika mlangoni nilisikia pete za pazia zikikwaruza kwenye chuma. Zilivutwa kutoka upande wa shemeji.

"Vipi?" dada aliuliza kule nje.

"Nimefukuzwa."

"Na yeye?"

"Anapimwa."

Dada akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Shemeji alitoka akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. "Hakupata tezi iliyovimba," alisema. "Watapiga na picha za ndani ya mwili, maana vidole havimalizi kila kitu. Alhamisi nakatwa kipande. Majibu yakiwa mabaya watakata tena, kipande kipana zaidi. Na hata yakiwa mazuri, nitarudi kukaguliwa mwili mzima."

"Na nani?" nikauliza.

"Na daktari."

Mkwe naye akatoka. Alikuwa ameacha koti jeupe ndani na kujitanda mtandio. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu shemeji, akitazama mbali kama inavyopasa.

Mkwe akampokea dada mkoba, akatusindikiza mpaka getini, hatua moja nyuma ya baba mkwe wake. Nilikuwa na utani ulioiva mdomoni, wa mikono ya madaktari. Nikaumeza, na ulikuwa mkubwa, ukapita kwa shida.